Mikutano ya teknolojia: aende mkuu wa maktaba au mkutubi wa kaunta?

Mtoa hoja (mkutubi wa chuo, Dodoma)

Naomba tujadili jambo linalozua mvutano vyuoni kila msimu wa bajeti unapofika. Wapo wanaosema fedha za kuwapeleka wakutubi kwenye mikutano ya kitaaluma zifutwe, kwa kuwa mafunzo ya teknolojia yanapatikana mtandaoni bila nauli wala posho ya kujikimu. Wapo wanaotaka mikutano hiyo ibaki kama ilivyo, kwa hoja kwamba bila hiyo wakutubi wa vyuo mbalimbali hawatakutana kabisa. Mimi nataka mikutano iendelee, ila napinga kwa dhati namna tunavyowachagua wanaokwenda. Anayestahili kupelekwa kujifunza mfumo mpya ni yule atakayeuendesha, naye mara nyingi ndiye anayeachwa kaunta kushika zamu ya aliyesafiri.

Chukueni mfano wa Koha, mfumo wa kuendeshea maktaba uliotengenezwa New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000, ambao sasa unatumiwa na vyuo vikuu kadhaa nchini kwa sababu hauna ada ya leseni. Kukosekana kwa ada hakuuondolei mfumo haja ya mtunzaji. Lazima awepo mtu wa kuhamisha taarifa za vitabu kutoka kwenye orodha za zamani, kuweka toleo jipya, kutunza nakala za akiba, na kujua la kufanya asubuhi ambayo kaunta imegoma kuazimisha vitabu huku foleni ya wanafunzi ikifika mlangoni. Mtu huyo hawezi kuujua ufundi huo kwa kusimuliwa na bosi wake aliyerudi na mkoba wa mkutano na cheti cha ushiriki.

Mfano mwingine ni majarida ya kielektroniki, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu jambo lenyewe linawaumiza wanafunzi wengi. Majarida mengi tunayoyalipia hufunguka kwa kuitambua anwani ya mtandao wa chuo. Mwanafunzi akiwa ndani ya maktaba anaisoma makala nzima, lakini akirudi kwenye chumba alichopanga Ng'hong'hona na kuifungua makala ileile kwa bando la simu yake, anakutana na ukurasa unaomtaka alipe kwa dola. Chuo kimeshalipa na mwanafunzi ana haki ya kusoma, ila mlango umefungwa. Dawa yake inajulikana: kuweka seva ya kati, ambayo mwanafunzi huingia kwa nywila yake ya chuo, kisha mchapishaji akamhesabu kuwa yumo ndani ya eneo la chuo. Nimeshuhudia kazi hiyo ikieleweka wakati wa mapumziko ya chai mkutanoni, mkutubi wa chuo kimoja alipofungua kompyuta yake mpakato na kumwonyesha mwenzake wa chuo kingine mipangilio aliyoiandika, mstari kwa mstari, ukiwemo ule uliompotezea muda mwingi kuliko yote. Kitu cha namna hiyo mtu hakiweki kwenye video ya mafunzo.

Halafu imekuja akili mnemba. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali kwa maandishi, ilipotolewa Novemba 2022, wanafunzi wamekuwa wakitujia na orodha za marejeo walizoandikiwa nayo wakiomba tuwatafutie makala. Tunatafuta: jarida lipo, juzuu lipo, mwandishi ni mtafiti wa kweli katika fani hiyo, lakini tukifungua kurasa zilizotajwa tunakuta makala ya mtu mwingine kabisa kuhusu jambo jingine. Makala inayotafutwa haikuwahi kuandikwa. Mwenye kuyaona haya kwa macho yake ni mkutubi wa dawati la huduma, lakini mada ya akili mnemba inapojadiliwa ukumbini yeye hayumo.

Kutokuwepo kwake kuna gharama. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima programu 7 zinazodai kutambua maandishi ya akili mnemba, wakitumia insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kimakosa kuwa kazi ya mashine. Wanafunzi wetu wengi wanaandika tasnifu kwa Kiingereza ambacho kwao ni lugha ya tatu, baada ya Kigogo, Kinyaturu au Kirangi, na Kiswahili. Kiongozi akivutiwa na maonyesho ya muuzaji na kurudi na mkataba wa programu kama hizo, atakayekaa na mwanafunzi anayelia kwamba ameonewa ni mkutubi ambaye hakuulizwa lolote kabla ya ununuzi.

Mafunzo ya mtandaoni siyakatai. Tatizo lake ni kwamba mkutubi akiyafuata akiwa zamu, anakatizwa kila baada ya dakika chache, na hakuna mwajiri anayempa ruhusa ya kukaa pembeni kwa sababu tu kuna darasa kwenye skrini.

Napendekeza basi kwamba mkutano unapohusu teknolojia, nafasi nyingi za kila chuo ziende kwa wasio na vyeo, angalau nusu ya muda itumike mbele ya kompyuta, na aliyerudi asiandike ripoti ya kufungiwa kabatini, bali awaonyeshe wenzake kwa vitendo alichojifunza.

Mchangiaji (mkuu wa maktaba mstaafu, Singida)

Mwanangu, umeandika kwa uchungu na mengi uliyosema ni kweli, ila umeliacha pembeni suala la mamlaka. Kijana anaweza kurudi na ujuzi wote wa seva hiyo ya kati, lakini kama mkuu wake haelewi inafanya nini, ombi la fedha halitasainiwa na ujuzi utabaki kichwani mwa kijana. Mikutano yetu pia haikuanzishwa kwa ajili ya mafunzo ya mashine pekee. SCECSAL, inayowakutanisha wakutubi wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ilianzia Dar es Salaam mwaka 1974, na imejengwa na viongozi waliofahamiana na kuaminiana. COTUL nayo, ambayo kupitia kwake maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti hujadiliana na wachapishaji kwa sauti moja, inahitaji watu wenye uwezo wa kuvifunga vyuo vyao kwa ahadi. Isitoshe, nimewasomesha vijana wenye kipaji, na baadhi yao walihamia kwenye mashirika yenye mishahara minono kabla hata hawajatufundisha walichokipata.

Mtoa hoja

Shikamoo mzee wangu, na ninashukuru kwa kuchangia. Kuhusu COTUL nakubaliana nawe bila kusita: penye kujadili bei na mikataba, aende mwenye kalamu ya kusaini. Kuhusu kusainiwa kwa maombi pia umenifikirisha, na sasa naona ni afadhali mkuu na mwendeshaji waende pamoja, kwa sharti kwamba wakati wa vitendo anayeshika kompyuta ni mwendeshaji na mkuu anaketi kando yake akiona kinachohitajika.

Hili la vijana kuhama silioni kuwa sababu ya kutowafundisha. Chuo kinachoumizwa na mtu mmoja kuondoka ni kile kilichomtegemea mtu mmoja, na wakuu nao hustaafu, pengine wakaondoka na nywila za mfumo. Wakifundishwa wawili au watatu, akiondoka mmoja kazi haisimami.

Gharama nayo inapungua tukianza na majirani. Hapa Dodoma mjini kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Chuo cha Mipango na kampasi ya Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), vyote vikifikika kwa daladala au bodaboda, bila gharama ya kulala hoteli. Wenzetu wa Dar es Salaam na Morogoro, tangu treni ya SGR ianze kufika hapa mwaka 2024, wanaweza kuja na kurudi siku hiyohiyo. Naomba wakutubi wa vyuo hivyo mnaosoma hapa mseme ni maabara ya kompyuta ya nani inaweza kutupokea Jumamosi moja baada ya mitihani ya muhula, na kila atakayejitolea ataje pia tatizo moja la mfumo wake ambalo angependa tulishughulikie siku hiyo, ili wanaolifahamu waje wamejiandaa.