Milango ya moto: ventuzi mbili hazitaki kuachia alamu ikilia

FundiWaBelAir ameuliza:

Jambo yenu wote. Mimi ni fundi wa umeme, niko Lubumbashi, na kuna kazi inayoninyima usingizi tangu juzi.

Ni nyumba ya wageni ya ghorofa tatu. Mwenyewe alinunua milango ya kuzuia moto akaiweka kwenye ngazi, miwili kila ghorofa, jumla sita. Ni milango ya kuhimili moto dakika 60, mizito kweli, ina utepe wa kuvimba pembeni na mkono wa mafuta juu unaoirudisha. Uzito ndio ulioleta shida. Wahudumu wanapita na mashuka na ndoo kutwa nzima, wamechoka kuisukuma, wakaanza kuizuia kwa matofali. Ndipo nikaitwa nifunge ventuzi: sumaku ukutani inaushika mlango ukiwa wazi, alamu ya moto ikilia kuran (umeme) inakatwa, mlango unajifunga.

Waya nimezipitisha hivi. Nina kisanduku cha kutoa volti 24 DC. Plasi inaingia kwenye kontakti ya rele (swichi) ya santrali, yaani kisanduku kikuu cha alamu ya moto, kontakti ile inayofunguka alamu ikija, kisha kablo ya 1.5 inapanda ghorofa zote tatu, kama mita 80, ventuzi zote zikiwa sambamba. Nimeweka diyodi, kile kijidude kinachopitisha kuran upande mmoja tu, kwenye kila ventuzi.

Jana jioni nikajaribu. Nikapulizia detekta (kile kinachonusa moshi) ya ghorofa ya kwanza moshi wa majaribio. Milango minne ikaja polepole, ikaingia kitasa. Miwili ya ghorofa ya juu ikabaki wazi! Nikapanda na multimeta, nikapima kwenye vichwa vya waya: volti 0. Kuran haipo, mlango bado umeshikwa. Nikauegemea kwa bega kidogo tu, ukaachia, ukafunga. Nimerudia mara saba. Mara moja uliachia wenyewe baada ya kama sekunde kumi, mara sita ulinisubiri mimi.

La pili ni delestaji, mgao wa umeme. SNEL, shirika letu la umeme, ikikata, milango yote sita inafunga kwa pamoja, na kuna siku inakata mara nne. Mwenye nyumba anataka niweke betri ili milango ibaki wazi kuran ikiondoka. Nimemwambia nipe siku mbili, niulize wakubwa. Nisaidieni.

Rele24 amejibu:

Toa diyodi, ndugu. Diyodi inaifanya koili iendelee kuzungusha kuran yake yenyewe baada ya kukatwa, kwa hiyo sumaku inachelewa kufa. Mimi nilitoa kwenye kitasa cha umeme cha geti, kikawa kinaachia papo hapo.

YayaSantrali amejibu:

Mdogo wangu Rele24, usimwambie atoe diyodi. Ni kweli inachelewesha, lakini ni sehemu ndogo ya sekunde, hata jicho halioni. Sekunde kumi si kazi ya diyodi. Akiitoa, kila alamu cheche itaruka kwenye kontakti ya rele, na siku moja kontakti itashikana kabisa. Hapo milango yote sita itabaki wazi siku ya moto wenyewe. Iache, mstari wake mweupe ukiangalia plasi.

FundiWaBelAir, umefanya vizuri kupima kabla ya kuuliza. Volti 0 na mlango umeshikwa maana yake kosa haliko kwenye waya, liko kwenye chuma. Nisomee kilichoandikwa kwenye zile ventuzi mbili za juu, na uniambie kama ni sawa na nne za chini. Angalia pia kile kibamba cha chuma cha mlangoni, kinachoshikwa na sumaku: kinachezacheza ukikishika, au kimekazwa?

FundiWaBelAir:

Yaya, umenigusa penyewe. Si sawa. Nne zilikuja na milango. Mbili hazikutosha, nikanunua hapa mjini, muuzaji akasema ventuzi ni ventuzi. Imeandikwa 280 kg, 12/24 V. Nimeiunganisha kwa 24. Kibamba chake nimekikaza sana kwa visi kwa sababu kilikuwa kinacheza, nikaona ni kasoro. Kulikuwa na rondeli (pete) ya mpira, nimeitoa.

YayaSantrali:

Sasa tumefika. Neno letu moja ndilo linalotuponza. Huku kwetu tunaita ventuzi vitu viwili tofauti. Kuna ventuzi ya kushikilia mlango wazi, nguvu yake ni kama kilo 40 au 50, imetengenezwa ili mtu wa kawaida aweze kuuvuta mlango kwa mkono na ukaachia hata kama kuran ipo. Na kuna ventuzi ya kufunga mlango, ya ofisini na kwenye mageti, ya kilo 280, imetengenezwa ili mtu *asiweze* kuuvuta. Wewe umeuziwa ya pili ukaifanyia kazi ya kwanza.

Kwa nini inabaki imeshika bila kuran? Chuma kikishikwa na sumaku yenye nguvu hivyo, nyuso mbili laini zimelaliana bila nafasi, kinabaki na usumaku kidogo hata koili ikizimwa. Mkono wa mafuta ukiwa wazi kabisa hauna nguvu ya kukitenga. Bega lako linatosha kufungua upenyo wa unene wa karatasi, na usumaku unaisha hapo hapo. Ile rondeli ya mpira uliyoitoa ndiyo inayokiacha kibamba kicheze, kilale sawa na kiweze kubanduka. Ventuzi halisi za kushikilia huwa na kijipini cha chemchemi katikati kinachosukuma kibamba mara kuran ikikatwa. Tazama zile nne za chini, utakiona.

Usirudishe mpira ukadhani umemaliza. Zitoe hizo mbili, tafuta za kushikilia, 24 V. Kama Lubumbashi hazipo, watu wanaopita mpakani Kasumbalesa wanaweza kukuletea kutoka Zambia, lakini wape picha na kipimo, usiwape jina tu.

Kuna hesabu nyingine pia. Ventuzi ya kushikilia inakula kama ampea 0.1. Ile ya kilo 280 kwa volti 24 inakula kama 0.25. Nne za chini 0.4, mbili za juu 0.5, jumla 0.9. Rele nyingi za santrali kontakti yake ni ampea 1. Ulikuwa unaibeba karibu hadi mwisho wake. Ukirudi kwenye sita za kweli utakuwa 0.6. Kablo yako ya 1.5 haina neno: mita 80 kwenda na 80 kurudi ni kama omu 1.9, unapoteza kama volti moja.

Betri sasa. Hapa nakuomba usimwachie mwenye nyumba nafasi. Mlango wa moto unafunga kuran ikikosekana, huo ndio msingi wa kifaa chenyewe. Ukiweka betri ya milango peke yake, itafika usiku betri ya santrali imekwisha na ya milango bado ipo. Detekta zimekufa, milango imeshikwa wazi, hakuna wa kuiambia ifunge. Ukiziweka ventuzi kwenye betri ya santrali ndiyo mbaya zaidi: betri ya 7 Ah kwa 0.6 ni saa 11 kwenye karatasi, na hiyo ni kabla santrali haijala chake. Delestaji ya usiku mmoja inakuachia nyumba bila alamu. Kanuni yangu: ventuzi isidumu muda mrefu kuliko santrali. Acha kisanduku chako cha 24 bila betri, SNEL ikikata milango ifunge, santrali iendelee kulinda kwa betri yake.

Nakueleza kwa nini nashikilia hivi. Niliwahi kuitwa asubuhi kwenye nyumba ya kulala, mji sitautaja. Godoro lilikuwa limeungua stoo ya chini. Moto wenyewe haukutoka stoo. Moshi ndio ulipanda, kwa sababu mlango wa ngazi ulikuwa umezuiwa na kopo la rangi. Ukuta wa ngazi ulikuwa mweusi mpaka dari ya juu. Nyuma ya mlango, sakafuni, katikati ya masizi, palikuwa na duara jeupe safi, saizi ya kopo. Nilisimama pale muda mrefu. Watu wawili walilazwa kwa kuvuta moshi. Utepe wa pembeni haukuvimba hata kidogo, maana unavimba kwa joto, na joto halikufika; moshi baridi ulishapita zamani.

MlinziZamuYaUsiku:

Mimi si fundi, nalinda jengo la ofisi na vyumba hapa Kampemba. Naomba niseme upande wetu sisi tunaoitumia. Mfanyakazi anaweka tofali kwa sababu mlango unampiga mgongoni amebeba vitu. Kwetu fundi alilegeza ule mkono wa juu, mlango ukawa unakuja taratibu, tangu hapo tofali limepungua.

Na kuna kitufe kando ya kila mlango. Saa nne usiku napita navibonyeza vyote, milango inafungwa, wageni wanalala nyuma yake. Asubuhi mama wa usafi anaifungua. Kuran ikikata mchana, ni mimi nazunguka kuifungua tena, dakika tatu. Mwenye nyumba ampe mtu kazi hiyo, aijue ni yake.

Swali moja, yaya. Jikoni kwetu wanawasha mbabula (jiko la makaa) kuran ikikosa, na alamu inalia kila mara. Watu wameanza kuizoea, wanakaa tu. Hiyo inanitia hofu kuliko yote.

YayaSantrali:

Papa, una haki kuogopa. Jikoni wasiweke detekta ya moshi, waweke ya joto. Ya moshi ikae kwenye korido, pande zote mbili za mlango wa ngazi, mbali na mlango wa jikoni. Na mbabula itoke nje, makaa yanatoa hewa ya sumu hata yasipowasha kitu. Kitufe ulichokitaja ni muhimu sana. FundiWaBelAir, wewe hukukitaja, unacho?

Na ukilegeza mkono wa mafuta, usilegeze hadi mlango ushindwe kuingia kitasa. Uache utembee taratibu, lakini ile hatua ya mwisho iwe na nguvu. Mlango uliofunga bila kuingia kitasa utasukumwa na moto.

FundiWaBelAir:

Vitufe sikuweka. Nimeona aibu, lakini bora hapa kuliko huko.

Habari ya leo, siku tisa baadaye. Zile mbili za 280 nimezitoa, mwenye nyumba amezipeleka kwenye geti lake. Mpya zimefika, zina kijipini katikati kama ulivyosema, yaya. Nimejaribu mara kumi kwa moshi na mara kumi kwa kukata kuran kwenye kabati la umeme: sita kwa sita zimeachia, na milango yote imeingia kitasa, isipokuwa wa ghorofa ya pili kushoto uliokuwa unakwama sentimita mbili. Nikadhani ni mkono wa mafuta. Kumbe fundi wa rangi alikuwa amepaka juu ya utepe wa kuvimba, tabaka nene, mlango unabana. Utepe huo nimeagiza mwingine, sikutaka kuukwangua.

Vibamba vilikuwa na vumbi jekundu, si unajua kiangazi chetu. Nimemwonyesha mama wa usafi kuvifuta kwa kitambaa kikavu kila wiki, bila mafuta.

Betri nimekataa. Tulibishana. Mwishowe nilimsomea ile habari ya kopo la rangi, hakunijibu kitu, akaniuliza tu vitufe sita ni bei gani. Navifunga Jumamosi. Aksanti sana yaya, aksanti papa mlinzi.