Eddie Robinson wa Grambling, mechi 408 alizoshinda: huyu kocha mbona hatajwi sana?

mtoto_wa_temeke
Habari za jioni wakuu. Siku hizi nimeshikwa na huu mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti, nauangalia kila wikendi japo saa zao zinatutesa sana sisi wa huku. Sasa juzi kwenye mechi ya vyuo wakaonyesha orodha ya makocha walioshinda mechi nyingi, majina mengine nilishayasikia, Bear Bryant, Joe Paterno, ila kuna jina likapita haraka haraka, Eddie Robinson, mechi 408, halafu wakaendelea na mambo mengine. 408! Nikaenda kuchungulia nikakuta kafundisha chuo kimoja tu maisha yake yote, Grambling, kule Louisiana, toka 1941 hadi 1997.

Naomba mnisaidie, huyu mzee alikuwa nani hasa, alifikaje pale, na kwanini kocha wa rekodi kama hiyo hakuchukuliwa na chuo kikubwa? Jamaa mmoja ofisini kaniambia ushindi wake hauna uzito maana alikuwa anacheza na vyuo vidogo vya watu weusi, mimi sikuwa na la kumjibu. Wenye kujua mwageni stori yote hata ikiwa ndefu nitasoma.

Mbeya_Houston
Mkuu umegusa penyewe. Huyu mzee namheshimu kuliko kocha yeyote wa mchezo wowote, na sisemi hivyo kwa ushabiki. Mimi naishi huku Texas, jirani na Louisiana, na wazee weusi wa huku ukilitaja jina la Coach Rob utaona wanakaa vizuri kwenye kiti kwanza ndo waanze kuongea.

Kazaliwa Februari 1919, Jackson, Louisiana. Baba yake alikuwa analima shamba la mtu kwa kugawana mazao, mama anafanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Akakulia Baton Rouge, akasoma chuo kidogo cha Leland na pale alikuwa anacheza kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Alivyomaliza kazi hakuna, akaajiriwa kwenye kinu cha chakula cha mifugo, senti 25 kwa saa. Ikumbukwe kwa enzi hizo Louisiana mtu mweusi mwenye digrii yake alikuwa na njia mbili tatu tu za kula, kutaka kuwa kocha ilikuwa ni ndoto kabisa.

1941 akapata nafasi kwenye hicho chuo, wakati huo bado hakijaitwa Grambling, kilikuwa ni chuo cha watu weusi cha kufundisha walimu na ufundi, jina la Grambling lilikuja 1946. Ana miaka 22, mshahara dola 63 na senti 75 kwa mwezi. Na usidhani aliajiriwa akae pembeni na filimbi tu. Alikata nyasi za uwanja mwenyewe, akachora mistari ya chokaa mwenyewe, akafunga bandeji vifundo vya miguu vya wachezaji, mechi ikiisha anakaa anaandika habari yake ili apeleke magazetini maana magazeti hayakutuma mwandishi kwenye mechi za weusi. Wakisafiri alikuwa anawatengenezea vijana sandwichi kabisa, sababu barabarani migahawa ya wazungu haiwahudumii, hata ukiwa na hela mkononi.

Msimu wa kwanza akashinda 3 akafungwa 5. Msimu wa pili, 1942, akashinda mechi zote 9 na hakuna timu iliyopata hata pointi moja dhidi yake. Pointi sifuri msimu mzima! Kocha wa miaka 23. Halafu vita kuu ikaja, 1943 na 1944 chuo hakikuwa na timu, yeye akafundisha sekondari ya palepale Grambling, vita ilivyoisha akarudi kuendelea na kazi.

Kuna kisa kimoja cha miaka ile nakipenda sana. Alikuwa na wachezaji wake wazuri, ndugu, baba yao akawaita nyumbani wakavune pamba, mpira si utasubiri, pamba haisubiri. Kocha mwingine angenuna au angeenda kubembeleza. Robinson akabeba timu nzima wakaenda shambani wakavuna pamba yote ya mzee, kisha akarudi na vijana wake kwenye mechi. Mtoto wa mkulima wa kugawana mazao alijua kabisa kwamba ile pamba isipotoka shambani familia haili.

kiboko_ya_ziwa
Stori nzuri sana mkuu ila mimi nasimama kidogo na yule jamaa wa ofisini. Kwenye rekodi lazima tuangalie mpinzani. Bryant na Alabama yake alikuwa anakutana na timu zenye viwanja vya watu 70,000 na bajeti kubwa, Robinson anakutana na Prairie View na Mississippi Valley. Na kama ni kuhesabu tu basi John Gagliardi kawapita wote, ana 489, lakini ni chuo kidogo cha Minnesota hata skolashipu za michezo hakitoi. Kwahiyo namba peke yake haitoshi, tusiwe tunabebwa na huruma ya historia. Namheshimu mzee ila naomba mtu anishawishi kwa mpira, asinishawishi kwa mateso yao.

Bi_Mkubwa_Tanga
@kiboko_ya_ziwa mwanangu haya tuongee mpira basi.

Vile vyuo unavyoviita vidogo vilikuwa vidogo kwa hela, kwa vipaji havikuwa vidogo hata kidogo. Tujiulize, miaka ya 1940, 50 mpaka 60 na kitu, kijana mweusi wa Louisiana au Mississippi au Alabama mwenye kipaji cha kutisha alikuwa anaenda kucheza wapi? LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, hawampokei. Alabama hawampokei. Vyuo vyote vikubwa vya kusini mlango umefungwa kwa sheria na kwa desturi. Kwahiyo vipaji vyote vile, vya majimbo mazima, vinagawanywa kwenye vyuo vichache vya weusi, Grambling, Southern, Florida A&M, Jackson State, Prairie View na wenzao. Hiyo unayoiita ligi dhaifu ndani yake kulikuwa na watu ambao wakifika NFL, ligi kubwa ya kulipwa, wanakuwa nyota.

Ushahidi upo. Paul Younger, walimwita Tank, 1949 akaenda Los Angeles Rams, ndo mchezaji wa kwanza kutoka chuo cha weusi kucheza NFL. Kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, hawakumchukua wakampa nafasi ya kujaribiwa tu. Robinson alimwambia wazi kwamba akishindwa yeye wenzake watafungiwa mlango muda mrefu, mzigo mkubwa huo kumtwisha kijana lakini ndo ilikuwa hali halisi. Younger akakaa. Baada yake wakapita zaidi ya 200 kutoka mikononi mwa kocha mmoja kwenda kucheza mpira wa kulipwa. Wanne wapo kwenye Ukumbi wa Heshima wa mpira huo kule Canton: Willie Davis wa Green Bay, Willie Brown wa Raiders, Charlie Joiner, na Buck Buchanan ambaye 1963 alichaguliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti nzima ya AFL, ligi iliyokuwa inashindana na NFL enzi hizo. Chuo kimoja, kijiji kimoja cha kaskazini mwa Louisiana! Niambie vyuo vikubwa vingapi vya wakati ule vinaweza kuweka majina hayo mezani.

Halafu cheki kilichotokea mlango ulivyofunguliwa. 1970 USC wakaenda Birmingham wakaipiga Alabama ya Bryant vibaya, Sam Cunningham, mweusi, akawapitia kama hawapo. Ndani ya miaka michache vyuo vikubwa vya kusini vyote vinachukua weusi, na wale vijana ambao jana wangeenda Grambling leo wanafuatwa na vyuo vyenye TV, viwanja na hela. Robinson akabaki na chuo kilekile na bajeti ileile na bado akaendelea kushinda miaka mingine mingi tu! Mimi kwa upande wangu hiyo miaka ya 70 na 80 ndo inanithibitishia ukocha wake kuliko hata ile ya mwanzo.

Na rekodi ya Bryant ya 323 aliipita tarehe 5 Oktoba 1985, Dallas, uwanja wa Cotton Bowl, wakaifunga Prairie View 27-7.

kiboko_ya_ziwa
Hiyo hoja ya vipaji kugawanywa ina nguvu bi mkubwa, siipingi. Bado naamini kulinganisha Bryant na Robinson kwa namba ni kazi ngumu, maana hawakuruhusiwa kukutana. Ila hilo kosa si la Robinson, hapo tuko pamoja.

mtoto_wa_temeke
Daah, hii ya pamba imenigusa sana. Asanteni wakuu. Swali lingine, nimeona mahali Doug Williams, yule kwotabeki mweusi wa kwanza kushinda Super Bowl, fainali ya NFL, na yeye katokea Grambling. Ilitokea tu au Robinson alikuwa na mpango? Na je wachezaji walikuwa wanasoma kweli au ndo mpira tu?

Mbeya_Houston
Haikutokea tu mkuu, alikaa akaipanga.

Miaka hiyo NFL ilikuwa na imani kwamba mweusi hawezi kuwa kwotabeki. Mbio wanakubali anazo, nguvu wanakubali, ila kichwa cha kusoma ulinzi na kuongoza wenzake eti hana. Mweusi aliyecheza kwotabeki chuoni akifika kwa mapro anaambiwa ahamie nafasi nyingine, akakimbize mipira pembeni au akacheze nyuma kwenye ulinzi. Robinson akaamua atatoa mtu ambaye hawataweza kumhamisha. Akamchukua James Harris, kijana wa Monroe, si mbali na chuoni, mrefu, mkono una bunduki, akamfundisha kukaa na mpira nyuma ya walinzi wake, kusoma uwanja na kurusha, vilevile timu za NFL zinavyocheza, asipate mtu wa kusema huyu ni mkimbiaji tu. Akamwambia pia asikubali kubadilishwa nafasi. 1969 drafti ikamwacha mpaka raundi ya 8, Buffalo wakamchukua, na msimu ulivyoanza akawekwa kuanza mechi ya kwanza kama kwotabeki. Hakuna mweusi aliyewahi kuanza msimu hivyo kwenye ligi hizo za kulipwa. Baadaye akiwa na Rams, msimu wa 1974, akawapeleka mtoano na akashinda.

Williams sasa yeye ni wa Zachary, Louisiana hukohuko. 1977 alikuwa wa nne kwenye kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, akitokea chuo cha weusi! Mwaka uliofuata Tampa Bay wakamchagua raundi ya kwanza. Halafu Januari 31, 1988, San Diego, Super Bowl ya 22, yuko na Washington dhidi ya Denver. Robo ya kwanza wako nyuma 10-0, Williams mwenyewe goti limeteguka katolewa nje kidogo, watu wanasema yameisha. Robo ya pili karudi akarusha pasi 4 za tachidauni, yaani za kufunga. Nne ndani ya dakika 15 za mchezo! Matokeo 42-10, akachukua na tuzo ya mchezaji bora. Robinson alikuwa uwanjani siku hiyo na baada ya mechi wakakutana wakakumbatiana, mzee analia. Ukiwa na nafasi itafute hiyo robo ya pili uiangalie yote usiruke, angalia miguu ya Williams anavyorudi nyuma hatua kwa hatua na macho hayashuki chini. Hayo ni mafunzo ya Grambling.

Kuhusu shule, ndo nilitaka niliseme. Alfajiri alikuwa anapita mabwenini na kengele ya ng'ombe mkononi anaamsha wachezaji waende darasani na waende kanisani. Asilimia inayotajwa ya wachezaji wake waliomaliza masomo ni karibu 80, kwa timu ya mpira hiyo namba si mchezo. Aliwafundisha mpaka kufunga tai na kushika uma mezani, na Willie Davis uliyesikia hapo juu baada ya mpira akasoma digrii ya biashara Chicago akawa mfanyabiashara mkubwa.

Bi_Mkubwa_Tanga
Niongeze na mwisho wake maana watu huwa wanauruka. Mwaka 1995 akafikisha ushindi wa 400, hakuna kocha wa vyuo aliyewahi kufika hapo kabla yake. Lakini timu ilishachoka, 1996 wakashinda 3 tu wakafungwa 8, kukawa na watu wanataka aondoke haraka haraka, mashabiki wakaja juu mpaka gavana akaingilia, ndo akapewa msimu wa 1997 wa kuaga. Na huo ukawa 3 na 8 tena. Roho inaniuma kuona mtu wa miaka 50 na kitu ya kazi anaombewa mwaka mmoja, kwa heshima ile walipaswa kukaa naye mapema wakapanga vizuri. Aliyemrithi 1998 akawa Doug Williams mwenyewe, hapo angalau walifanya jambo. Akamaliza na 408 ushindi, 165 kufungwa, 15 sare. Mzee akafariki Aprili 2007 akiwa na miaka 88, jeneza lake likawekwa bungeni Baton Rouge watu wapite kumuaga, jimbo lilelile ambalo chuo chake kikuu kisingemruhusu kucheza. Na mke wake Doris alikuwa naye toka 1941, mwaka uleule aliopata kazi.

Na hiyo ya rekodi, Paterno alimpita 2011 kwa kufika 409, mwaka uliofuata NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wakamfutia Paterno ushindi 111 kwa ile kashfa ya Penn State, chuo alichokuwa anafundisha, Robinson akarudi kileleni mwa daraja la kwanza, 2015 wakamrudishia. Ndo maana ukipekua utakuta orodha hazifanani.

mtoto_wa_temeke
Nimepata zaidi ya nilichouliza, Mungu awabariki. Sasa nikitaka kuiona Grambling ikicheza nianzie wapi? Huwa siioni kwenye ratiba.

Mbeya_Houston
Subiri Bayou Classic mkuu, Grambling na Southern, Jumamosi ya wikendi ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, mwishoni mwa Novemba, New Orleans ndani ya Superdome. Mechi hiyo ipo toka 1974 na Robinson ni mmoja wa walioikuza. Huku inaanzaga mchana kwahiyo huko kwenu ni usiku, unaweza kuiona bila kukesha sana. Na mapumziko usitoke kwenda kuchukua chai, bendi za vyuo hivyo viwili zikiingia uwanjani kuna watu wanalipa kiingilio kwa ajili ya hizo tu.