Gesi ya sheili: ramani ya kompyuta inatosha kutoa leseni?

Mleta mada: Wakuu, gesi hii imenasa kwenye vitundu vidogo mno, vya kiwango cha nanomita, ndani ya sheili, yaani mwamba wa tope lililoganda. Siku hizi kompyuta inachukua mwangwi wa mitetemo, inachanganya na vipimo vya visima, unaona tabaka zote hadi chini. Kwa nini leseni za kuchimba zisitolewe kwa ramani hizo, badala ya kuwasubiri wazee wa nyundo, wale wanajiolojia wanaotafuna mawe?

Nyundo Mkononi: Tunatafuna, na aibu sina. Unavunja kipande kidogo, unakisaga kwa meno ya mbele. Kikiwa laini kama siagi, huo ni udongo mfinyanzi. Kikikwaruza, kuna chembechembe za kwatzi, madini magumu ya mchanga, na mwamba wenye kwatzi nyingi ndio unaopasuka vizuri kwa maji ya shinikizo, gesi itoke. Kompyuta yako ina meno?

Mama Takwimu: Poland mmeisahau? 2011 idara ya takwimu za nishati ya Marekani ilikadiria gesi ya sheili ya huko kuwa kama mita za ujazo trilioni 5.3. Mwaka uliofuata taasisi ya jiolojia ya Poland yenyewe ikaja na bilioni 346 hadi 768. Kampuni ya mafuta ya Exxon wakafungasha virago mwaka huohuo. Ramani hoyee!

Mleta mada: Mama, Poland visima vilikuwa vichache, kompyuta inasingiziwa tu. Kuhusu siagi, mkuu, ungeenda jikoni kabisa.

Kijana wa Data: 😂😂 Sheili nyeusi huwa na sumu ya arseniki, nyingine hata urani yenye mionzi. Mzee endelea kutafuna.

Nyundo Mkononi: Nani mzee? Na nani kakwambia tunameza? Tunatema! Wewe jiwe unaliona kwenye skrini tu, halafu unanifundisha arseniki.

Mpita Njia: Meno, meno, meno. Karibu na Blackpool, Uingereza, Agosti 2019, wachimba gesi ya sheili walipasua mwamba wakazua tetemeko la ukubwa wa 2.9. Picha za 3D walikuwa nazo, ila ufa ulioteleza haukuwa umeonekana humo. Novemba serikali ya Uingereza ikasimamisha shughuli yote. Mleta mada, leseni hiyo ungeisaini?

Kijana wa Data: Hilo la Blackpool tuliweke pembeni kwanza. Nauliza, chuoni bado wanafundisha kulamba mawe?

Nyundo Mkononi: Kutafuna, si kulamba. Kulamba ni kwa ajili ya chumvi, na pia jiwe likilowa chembe zinaonekana vizuri kwa lenzi. Hata hilo hujui?

Mama Takwimu: Mie wanangu nawapeleka wakasome kuandika programu, meno yao yabaki salama. Ila chanzo cha hizo takwimu watakipata wapi kama hakuna wa kutoboa kisima?

Mleta mada: Sijasema visima visitobolewe, Mama, someni vizuri. Nimesema vipungue.

Mpita Njia: Wapi umeandika vipungue? Swali langu la Blackpool lipo palepale.

Nyundo Mkononi: Kijana, kabla hatujaendelea, futa hilo neno "mzee".