Tandiko la Sultani na ngoma ya Wapokomo: tusivitie kapu moja

Wakuu, heshima kwenu. Nimeamua kuileta hoja hii kwa sababu kila tukianza kujadili mali za kale zilizoko Ulaya, mjadala hauchukui muda kabla vitu vyote havijatiwa kapu moja. Juzi ndugu mmoja alisema waziwazi: chochote cha Afrika au cha dola ya Waislamu kilichoko kwenye makumbusho ya Wazungu ni cha wizi, kirudi kwao. Mfano wake ulikuwa matandiko ya farasi ya Kiosmani, yaani ya dola ya zamani ya Waturuki, yaliyohifadhiwa kwenye makumbusho ya Kremlin, Moscow. Mimi nampinga, na nampinga kwa sababu nataka ngoma yetu ya Wapokomo, iliyoko London, irudi.

Mwaka 1775 Sultani wa Waosmani, Abdülhamid I, alimpelekea Malkia Catherine II wa Urusi matandiko na mapambo ya farasi. Warusi walikuwa wametoka kumshinda katika vita vya 1768 hadi 1774. Vikaja vita vingine, vikaisha 1792, na mwaka uliofuata Sultani Selim III naye akapeleka ya kwake. Hivi havikuwa vifaa vya safari. Kiunzi cha tandiko ni cha mbao, kikavikwa mahameli, na mahameli ikadariziwa kwa nyuzi za dhahabu na fedha. Kikuku (pale mpanda farasi anapokanyaga) cha Kiosmani si kipete chembamba cha kuchomekea ncha ya kiatu. Chini kina bamba pana, unyayo unatulia juu yake, na vile vya kifalme vilipachikwa vito. Farasi alitembezwa navyo siku ya sherehe ili watu wamwone, na ubalozi mzima ulisafiri kwa miezi kuvifikisha.

Nitaongeza jambo moja ambalo kwangu ndilo kiini. Liko tandiko la kukalia upande, ambalo bibi huweka miguu yote miwili upande mmoja, kama mama aliyejifunga kanga anavyokaa kwenye bodaboda. Hiyo ni desturi ya mabibi wa majumba ya kifalme ya Ulaya. Ukikuta tandiko la umbo hilo limedariziwa na kupambwa Kiosmani, basi fundi alipokuwa akilikata alikuwa na mgeni kichwani. Zawadi hufuata kimo cha mpokeaji, ila nyara hubaki na kimo cha mwenyewe. (Catherine mwenyewe alijua kupanda kiume. Siku alipompindua mumewe, mwaka 1762, alivaa sare ya askari, na mchoro wa Vigilius Eriksen unamwonyesha juu ya farasi, mguu huku na mguu huku, upanga mkononi.)

Sasa nenda Karlsruhe, Ujerumani. Kuna mkusanyo mashuhuri unaoitwa Türkenbeute, yaani nyara za Waturuki: silaha, matandiko na vitu vingine vilivyotokana na vita vya karne ya 17. Jina lenyewe linakiri. Hapo anayedai vitu virudi ana pa kuanzia.

Na ngoma yetu iko kundi hilo la nyara, si la zawadi. Inaitwa Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, Kenya. Maofisa wa ukoloni wa Kiingereza waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu 1908 imo mikononi mwa British Museum, London, imewekwa stoo. Aliyeichonga hakuwa akimfikiria mtu wa London hata kidogo. Hakuna balozi aliyeibeba, hakuna barua iliyoandamana nayo, na hakuna kilichorudi kwa Wapokomo. Ukiiweka Ngadji kundi moja na tandiko la Catherine, umempa wakili wa makumbusho jibu rahisi: atakuonyesha tandiko, atakuthibitishia lilitolewa kwa heshima, kisha atafunga faili lote, na ngoma ikiwa humo humo ndani.

Najua nitajibiwa: zawadi ya aliyeshindwa ni zawadi gani? Swali hili ni zito, na silikwepi. Mkataba wa 1774, uliomaliza vita vile vya kwanza, ulimvunja Sultani. Fidia ya vita peke yake ilikuwa mifuko 15,000 ya fedha, ilipwe kwa miaka mitatu, na Krimea ikatoka mikononi mwake. Mkataba huo huo uliagiza mabalozi wapelekwe na zawadi zitolewe. Lakini uliagiza pande zote mbili. Balozi wa Sultani, Abdülkerim Paşa, alipokuwa akienda kwa Catherine, balozi wa Urusi, Prince Repnin, naye alikuwa akielekea Istanbul. Mwaka 1793 Warusi walimpeleka Istanbul Kutuzov, yule jenerali aliyekuja kupambana na Napoleon. Deni liliandikwa kwa hesabu yake, na zawadi zikaandikwa mahali pake. Kwa hiyo nasema tandiko libaki Moscow, lakini kibao chake kitaje vita na fidia, kisiishie kwenye neno "urafiki".

Hata sisi tumewahi kuwa upande wa mtoaji. Mwaka 1840 merikebu Sultana ya Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, ilitia nanga New York ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, na miongoni mwa zawadi ambazo Sultani alimpelekea Rais Van Buren wa Marekani walikuwemo farasi wawili wa Kiarabu. Rais akasema katiba haimruhusu kupokea. Bunge likaamua zipokelewe kwa niaba ya taifa, farasi wakauzwa, fedha zikaingia hazina. Hakuna Mzanzibari ninayemjua anayedai bei ya farasi wale, wala sioni sababu ya kuidai.

Basi anayeona nimekosea anijibu kwa hili: atutajie nani alipeleka Ngadji London kwa hiari yake, na Wapokomo walipokea nini siku hiyo.