Naomba ushauri: PhD ya sosholojia kuhusu ubaguzi wa makazi Marekani

Wakuu habari za majukumu,

Nimemaliza masta ya sosholojia Dar, sasa nimepata nafasi ya PhD Marekani, ada inalipwa na posho ipo. Tatizo ni mada. Profesa anataka nifanye ubaguzi wa makazi katika miji ya huko: kuchukua takwimu za sensa mtaa kwa mtaa, kupima ni asilimia ngapi ya weusi wangehitaji kuhama ili wachanganyike sawa na weupe. Pia kuna ramani za serikali za miaka ya 1930 zilizopaka rangi nyekundu mitaa ya weusi, mikopo ya nyumba ikawa shida. Sheria ya mwaka 1968 ilipiga marufuku ubaguzi huo, lakini mitaa mingi bado imejitenga vilevile.

Mimi roho yangu iko Dar. Wakoloni walitugawa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Ukitoka Oysterbay mpaka Kariakoo unaiona ramani kwa macho. Halafu napenda kugonga milango, kama W.E.B. Du Bois, yule mwanasosholojia mweusi wa Marekani, alivyozunguka nyumba kwa nyumba Philadelphia, kazi aliyoichapisha 1899. Kukaa na kompyuta miaka mitano, hapana kwa kweli.

Baba mdogo ananiambia, "Kubali kwanza, utabadilisha mbele ya safari." Inawezekana kweli? Na waliorudi na PhD ya namna hii, mmepata kazi chuoni tu, au hata mipango miji na mashirika wanawachukua?

Natanguliza shukrani.