Mjadala: Kundi la Wapresbiteri mtandaoni ni kanisa, au bado ni gumzo?

Mzee wa Zamu (mwanzisha mada)

Shalom wapendwa. Naleta hoja, na naomba tusirushiane mawe mapema.

Wapresbiteri waliochoka na ibada ya Jumapili kama tulivyoirithi wanatafutana mtandaoni. Wanasoma Maandiko pamoja usiku, wanaombeana, wanapeana mawazo: kanisa la sebuleni, kanisa la mahali pa kazi, kanisa lisilo na jengo kabisa. Mpaka hapo sina neno. Ila siku hizi nasikia wakisema, "Hili ndilo kanisa letu." Hapo ndipo nataka tukae chini.

Msimamo wangu ni huu: anzisheni, tena haraka, lakini msiliite kanisa mpaka liwe na wazee wanaojulikana na liwe linawajibika kwa presbiteri, yaani baraza la wachungaji na wazee wa eneo zima. Skrini hainisumbui. Kinachonisumbua ni swali dogo: mtu akionewa humo ndani, atamshtakia nani?

Tukumbuke jina letu. Walutheri wanaitwa kwa mtu, Wabaptisti kwa ubatizo. Sisi tunaitwa kwa neno la Kigiriki lenye maana ya mzee, yaani tunaitwa kwa namna tunavyoongozwa. Calvin, mwanamageuzi tuliyerithi utaratibu wake, aliporudi Geneva mwaka 1541, kanuni za kanisa zilizopitishwa mwaka huohuo ziliweka huduma nne: wachungaji, walimu, wazee na mashemasi. Waskoti walipoandika Ungamo lao, yaani tamko lao la imani, mwaka 1560 hawakutosheka na alama mbili za kanisa la kweli, yaani Neno na sakramenti (ubatizo na Meza ya Bwana). Wakaongeza ya tatu: nidhamu.

Sasa tazama makundi yetu. Neno lipo. Kuhusu sakramenti tutabishana. Nidhamu je? Nidhamu ni kidole cha msimamizi. Nimeshuhudia mshirika mmoja akiuliza michango imekwenda wapi. Usiku uleule akaondolewa, na asubuhi watu wakaendelea kutumiana mistari ya Zaburi kana kwamba hakuwahi kuwepo. Hakukuwa na kikao wala rufaa, na aliyemtoa hakuchaguliwa na yeyote.

Na si jambo jipya. Mwaka 2004 Uingereza, kwa msaada wa Wamethodisti, lilifunguliwa kanisa la mtandaoni lenye picha za kompyuta, Church of Fools. Watu waliingia na vikaragosi vyao, wakapiga magoti, wakaimba. Wakorofi nao wakaingia na kutukana, hadi waangalizi wakawa na kitufe cha kumtupa mtu nje. Nacheka kila nikikumbuka. Lakini kitufe si baraza la wazee.

Kiti cha Nyuma

Shikamoo mzee. Penye wazee haliharibiki neno, hilo tunalijua. Lakini huchelewa.

Umetupeleka Geneva, nami nakupeleka Kentucky, Marekani. Mwaka 1801 Wapresbiteri walikusanyika Cane Ridge kwa ajili ya Meza ya Bwana, na maelfu wakafurika, siku kadhaa, wengi wao chini ya miti na mahema. Uamsho ule ulizaa makundi mengi huko kwenye maeneo mapya ya walowezi, na wachungaji waliosoma hawakutosha. Waliokuwa karibu na watu wakataka kuwaweka wahubiri wasio na elimu ndefu, wakubwa wakakataa. Mwisho wake? Mwaka 1810 Wapresbiteri wa Cumberland wakasimama peke yao, na mpaka leo ni dhehebu tofauti. Palikuwa na tofauti za mafundisho pia, sikatai, lakini suala la nani anaruhusiwa kuhubiri ndilo lililowasha moto. Wazee walikuwepo, presbiteri ilikuwepo, na bado watu walipotea. Au tuseme walifukuzwa kwa taratibu nzuri.

Halafu hao Waskoti unaowasifu. Kuanzia mwaka 1662, wachungaji zaidi ya 200 waliondolewa makanisani kwa kuwa hawakukubali utawala wa maaskofu. Walihubiri mabondeni na vilimani. Mwaka 1670 sheria ikasema anayehubiri kwenye mkutano wa porini adhabu yake ni kifo. Je, wale porini walikuwa gumzo?

Unataka mimba iwe na meno, mzee. Acha mtoto azaliwe kwanza.

Mzee wa Zamu

Marahaba, na umenibana kwa Cumberland. Ila kuhusu porini hapana. Wachungaji wale walikuwa wamewekewa mikono, yaani wamewekwa rasmi katika huduma, kabla ya kufukuzwa. Walipoteza majengo na mishahara, wito wao hawakuupoteza. Na Waskoti hao kwa muda mrefu walikuwa na desturi ya vibati vidogo vya madini ya risasi: mzee anakutembelea, anakuuliza hali ya imani yako na ugomvi wako na jirani, akiridhika anakupa kibati, na bila hicho hukaribii Meza. Unaweza kuichukia desturi hiyo (mimi mwenyewe nisingependa kuulizwa), lakini kila mtu alikuwa na mtu aliyemjua kwa jina na aliyewajibika kwake.

Mchungaji Mstaafu

Wapendwa, mmeruka sakramenti kama shimo barabarani. Turudi.

Ungamo la Westminster, tamko la imani la Wapresbiteri, sura ya 29, linasema mkate na kikombe vitolewe kwa washirika, lakini si kwa asiyekuwepo wakati ule katika kusanyiko. Nilikuwa nalishika neno hilo kama fimbo. Kisha ikaja 2020. Mwezi Machi mwaka ule ofisi ya Mkutano Mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Marekani ilitoa maoni kwamba katika dharura baraza la wazee linaweza kuidhinisha Meza ya mtandaoni. Wengine wetu tulisoma yale maoni mara tatu tukitafuta mlango wa kutokea.

Nilichokuja kuona ni kwamba sura ile ilikuwa inapigana na misa za faragha, kasisi akila peke yake kwa niaba ya wasiokuwepo. Haikuwa inamfikiria mtu aliye mbele ya skrini, anayesikia, anayeitikia, anayeonekana. Kwa hiyo kwenye neno "kuwepo" nimelegea.

Kwenye neno "kutolewa" sijalegea. Mtu anachukua mkate wake kabatini, anaumega mwenyewe, anajipa mwenyewe. Meza ya Bwana hupewa, mtu hajichukulii. Kama mume anampa mkewe, jirani anampa jirani, huku mchungaji akiomba kwenye simu, hapo naona Meza. Peke yako chumbani, naona njaa ya Meza, na njaa hiyo naiheshimu. Ubatizo sitaugusa leo. Maji hayapiti kwenye waya.

Zamu ya Usiku

Bwana Yesu asifiwe wazee wangu. Naomba niseme na mimi, maana mnatujadili bila sisi.

Mimi ni muuguzi. Jumapili nyingi ibada inapoanza, mimi ndiyo kwanza naweka kichwa kwenye mto. Nilikosa kanisani muda mrefu, na baraza la wazee wa kanisa langu likaondoa jina langu kwenye daftari la washirika. Utaratibu ulifuatwa, nimeambiwa. Muhtasari wa kikao upo. Lakini hakuna mzee hata mmoja aliyenipigia simu.

Mwaka huohuo nilimpoteza mama. Walionililia ni watu tisa wa kundi la mtandaoni, sita kati yao sijawahi kuwaona ana kwa ana. Kila siku saa nne usiku, kabla sijaingia wodini, mmoja wao alinipigia. Walipeana zamu. Hakuna aliyewaagiza.

Mzee unauliza, mtu akionewa mtandaoni atamshtakia nani. Nami nauliza, mimi nimshtakie nani?

Mzee wa Zamu

Dada yangu, pole kwa mama. Na pole kwa lile daftari. Nimekaa siku mbili bila kujibu kwa sababu kila nilichoandika kilisomeka kama muhtasari wa kikao.

Nafuta sehemu ya hoja yangu. Nilidhani wazee ni kitu ambacho sisi tunacho na ninyi hamna. Mtu aliyepanga zamu za kukupigia simu saa nne usiku alikuwa anafanya kazi ya mzee wa kanisa. Amekosa kuwekewa mikono tu, nasi tuliowekewa tulikosa kazi.

Lakini sifuti yote. Yule aliyeondolewa kwa kuuliza michango naye alikuwa kwenye kundi lenye upendo, mpaka siku alipouliza. Upendo usio na kikao huishi kwa hisani ya msimamizi.

Kiti cha Nyuma

Basi hapa tunaweza kufanya kazi. Wapresbiteri wa Marekani aliowataja Mchungaji, mwaka 2012, kwenye Mkutano Mkuu wao, walijiwekea lengo la jumuiya mpya 1001 za ibada ndani ya miaka kumi. Kilichonivutia si namba. Ni kwamba jumuiya hailazimiki kuwa usharika kamili ndipo presbiteri iitambue. Ipo hatua ya katikati. Na kabla mtu hajasema intaneti ndiyo inaua makanisa: kanisa lile lilikuwa na washirika zaidi ya milioni tatu mwaka 1983, leo limebaki na kama milioni moja, na kupungua kulianza kabla watu hawajajua intaneti ni nini.

Tatizo ninaloliona ni mipaka. Presbiteri ni ya eneo. Kundi la dada lina watu kutoka presbiteri ngapi? Nidhamu ya nani, daftari la wapi?

Mchungaji Mstaafu

Presbiteri moja ilichukue kundi, iteue mchungaji wa kulitembelea, na kundi lichague wazee wake watatu sasa, si baada ya miaka mitano. Kila mtu abaki kwenye daftari la kwao anakoishi, kama bado wanalo jina lake. Hesabu za michango zisomwe mbele ya wote kila mwezi. Rufaa iende kwenye presbiteri hiyo iliyolichukua. Haijanyooka, najua. Presbiteri ya kwanza ya Marekani, Philadelphia mwaka 1706, ilianza na wachungaji saba waliotawanyika makoloni mbalimbali, nayo haikuwa imenyooka.

Mzee wa Zamu

Naunga mkono. Nitaandika ombi kwa presbiteri yetu wiki hii. Zamu ya Usiku, jina lako naliweka la kwanza kwenye pendekezo la wazee, ukiridhia.

Zamu ya Usiku

Nitaomba juu ya hilo. Ila kikao msikiweke saa tatu asubuhi.