Modeli ya kuvuta waya wa shaba inanipa stresi (nguvu kwa eneo) kubwa kuliko halisi, nakosea wapi?

waya_mwembamba:
Wakuu habarini, naombeni msaada maana hii ni wiki ya tatu nimekwama. Nafanya simulesheni ya kuvuta waya wa shaba kutoka milimita 8 mpaka 2 kwa hatua kadhaa. Nilichukua shaba laini nikaivuta kwenye mashine mpaka streini (kipimo cha kunyooka) ya 0.3 hivi, nikaiwekea ile fomula ya Hollomon, stresi = K × streini^n, K ikatoka 315 MPa na n 0.54. Hatua za mwanzo modeli na vipimo vinakaa pamoja vizuri, ila kadiri waya unavyozidi kuwa mwembamba modeli nayo inazidi kupaa, mwisho inanipa 546 MPa wakati waya wenyewe nikiupima haufiki hata 450. Nimepunguza elementi, nimebadilisha msuguano, wapi! Halafu kuna waya mwingine ambao katikati huwa tunaupasha moto ulainike, huo kwenye modeli narudisha streini iwe sifuri, ni sawa?

punje_ndogo:
Mkuu achana na msuguano kwanza, piga hesabu ya streini. 2 × ln(8/2) ni 2.77. Yaani ulipima mpaka 0.3 halafu unaiuliza fomula habari za mbali zaidi ya mara tisa ya pale ulipofika. Na Hollomon yenyewe inapanda tu, haina pa kutulia.

Ndani ya metali kinachoongezeka ni dislokesheni (kasoro za mstari kwenye mpangilio wa atomi), zinazaliana na kuzuiana, ndiyo maana shaba inakuwa ngumu, lakini zikishajaa zinaanza kukutana na kufutana. Watafiti Kocks na Mecking waliliweka hivi: dρ/dε = k1√ρ − k2ρ, ρ ni msongamano wa dislokesheni na ε ni streini. Kipande cha kwanza kuzaliana, cha pili kufutana, vikilingana msongamano unatulia. Stresi unaipata kwa fomula ya Taylor, σ = σ0 + MαGb√ρ, σ0 ni stresi ya kuanzia bila dislokesheni, M na α ni namba tu, G ni ugumu wa shaba dhidi ya kukatwa pembeni, b ni ukubwa wa hatua ya dislokesheni moja. Weka M 3.06, α 0.3, G 48 GPa, b nanomita 0.256: ρ ikiwa 10¹² kwa mita ya mraba, shaba laini hiyo, unapata kama MPa 11 tu juu ya σ0, ikifika 10¹⁵ unapata kama 357. Ona inavyokaribia vipimo vyako.

mzee_wa_karakana:
Nakubali ila niongeze kitu, kwa streini kubwa hivyo stresi haitulii kabisa kabisa, inaendelea kupanda polepole sana, kwa hiyo ukiacha Kocks-Mecking peke yake utakuja kulalamika modeli iko chini. Dawa ni kukata kipande cha waya baada ya KILA hatua, ukivute kwenye mashine, uandike stresi ambayo kinaanza kunyumbuka bila kurudi. Hapo una vipimo halisi mpaka 2.77, hubahatishi tena.

Kuhusu moto, usirudishe sifuri kwa mkono tafadhali. Shaba iliyovutwa ikipashwa moto inazaa punje (fuwele ndogo) mpya polepole, na sehemu iliyokwisha kubadilika, X, inafuata ile fomula ya Johnson, Mehl, Avrami na Kolmogorov, X = 1 − exp(−kt^n), t ni muda, na n hii si ile ya Hollomon. Kwenye X weka ρ ndogo, kwenye 1 − X bakisha ile ya zamani. Ukitoa waya kwenye tanuri mapema unakuwa na nusu laini nusu ngumu, na sifuri yako haiwezi kuonyesha hilo. Pia waya uliovutwa sana unaanza kubadilika mapema na unatoa punje ndogo, kwa hiyo k isiwe ile ile kwa hatua zote.

waya_mwembamba:
Aisee asanteni sana, sikuwahi kabisa kuihesabu hiyo 2.77. Swali dogo, k2 niiache namba ile ile muda wote?

punje_ndogo:
Hapana, kufutana kunategemea joto. Kazi nyingi unayofanya kuuvuta waya inageuka joto, na ukivuta kwa kasi halipati muda wa kutoka. Gusa waya ukitoka tundu la mwisho (kwa glavu!) utaelewa. Anza na k2 ya joto la chumba, modeli ikikaa vizuri ndo uifanye ipande na joto.

waya_mwembamba:
Poa, kesho naanza kukata vipande, nikimaliza naweka grafu hapa.